Tiketi ya mtu wa Luberizi: mpaka kwanza, bei baadaye

Tovuti zote za kutafuta ndege huanza na swali moja: unatoka wapi? Mtu wa Luberizi hana la kujaza hapo. Luberizi haimo, na Uvira haina ndege ya abiria inayokwenda ng'ambo. Tuko katikati ya bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kampuni, na mapema kabisa kabla ya kulinganisha bei, msafiri wetu anachagua nchi ya kupandia ndege. Uchaguzi huo unaamua karibu yote yanayofuata, na hakuna tovuti inayoweza kumfanyia.

Zamani njia zilikuwa mbili zenye uzito sawa. Ukielekea kaskazini, unafika Kamanyola, unavuka hadi Bugarama, kisha unapanda ndege ndogo Kamembe au gari hadi Kigali. Ukielekea kusini, unapita Uvira, Kavimvira na Gatumba, unaingia Bujumbura. Kwa Kinshasa kulikuwa na Kavumu, uwanja wa Bukavu, au Goma. Sasa hesabu hiyo imevurugika. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mnamo Januari 2024. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mwezi uliofuata waasi wa M23 waliteka Kavumu, Bukavu na kisha Kamanyola, na njia ya kaskazini ikawa upande wa pili wa vita. Desemba 2025 mapigano yaliteremka bonde lote hadi Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wetu wakavuka kukimbilia Burundi. Mwaka huohuo, Februari, Kongo ilizifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, nazo safari za RwandAir za kwenda magharibi zikalazimika kuzunguka.

Natoa historia hii kwa sababu kuna watu Ulaya na Marekani wanaomnunulia mama yao tiketi ya Kigali kwa kuwa imeonekana nafuu kwenye simu, bila kuuliza mama atafikaje Kigali. Nauli hiyo si nafuu hata kidogo. Mama atapita vizuizi vingapi, atalala wapi, ataulizwa nini na nani? Kwa anayeishi kusini ya mstari wa vita, kiwanja cha kawaida ni Bujumbura, ule uwanja uliopewa jina la Melchior Ndadaye mwaka 2019. Na hata huko, njia ina mambo yake. Mpaka hauvukwi usiku. Mto Ruzizi na ziwa Tanganyika vikifurika, kama ilivyokuwa mwaka 2024, Gatumba huingia majini na magari hukwama. Mafuta ya gari yakiadimika Burundi, nauli ya teksi hupanda kwa siku moja. Ndege ikiwa Jumanne mchana, mwenye busara anatoka Luberizi Jumapili na kulala Bujumbura. Gharama ya kitanda hicho na chakula iingizwe kwenye hesabu ya tiketi tangu mwanzo, maana ni sehemu ya nauli.

Neno moja la Kavimvira, kwenye mpaka wenyewe. Wengi wetu tumezoea kuvuka kwa karatasi ya CEPGL, jumuiya iliyoundwa na Zaire, Rwanda na Burundi mwaka 1976, au kwa kadi ya uchaguzi. Anayekwenda kupanda ndege aombe pasipoti yenyewe igongwe muhuri, wa kutoka kwa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, na wa kuingia Gatumba, ili uwanjani asiulizwe aliingiaje. Kadi ya manjano iwe mkononi pia. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa ya maisha yote, hivyo kadi ya zamani iliyojazwa vizuri haihitaji kurudiwa.

Tuje kwenye makampuni. Bujumbura haina wingi wa ndege, na hilo linarahisisha uchaguzi. Ethiopian hupitia Addis Ababa, Kenya Airways Nairobi, Uganda Airlines Entebbe, na Brussels Airlines huenda Ubelgiji kwa siku chache za juma. Watu huuliza ipi ina viti vizuri na chakula kizuri. Sina neno kubwa la kusema hapo, maana usiku mmoja wa kiti kibaya huisha. Swali linaloweza kuiharibu safari ni jingine: unabadili ndege wapi, na pasipoti yako ina nguvu gani mahali hapo?

Hapa Mkongo anabeba, kwenye viwanja vya Ulaya vya Schengen, mzigo ambao Mkenya au Mtanzania hana. Nchi za Schengen zina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza hata ya kupita tu uwanjani, bila kutoka nje ya eneo la abiria wa kimataifa. Kongo ya Kinshasa imo, pamoja na Ethiopia, Eritrea, Somalia, Nigeria, Ghana na nyinginezo. Maana yake ni kwamba Mkongo anayetoka Bujumbura kwenda, tuseme, Brazil kwa kupitia Brussels, anahitaji karatasi ya Ubelgiji kwa saa tatu za kukaa kwenye benchi. Akiwa na viza halali ya Marekani, Kanada au Japani anasamehewa, na mwenye viza ya nchi ya Schengen yenyewe pia. Uingereza nayo ina viza yake ya kupita uwanjani inayowahusu Wakongo, na msamaha wake unawafikia wenye viza halali za Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Orodha hizi mbili hazifanani, na ndipo mtego ulipo. Viza ya Australia itakusaidia London, lakini haimo katika msamaha wa Brussels.

Tovuti ya kuuza tiketi haikuulizi pasipoti yako ni ya wapi kabla ya kukuonyesha bei. Inapanga kwa unafuu, na mara nyingi njia ya Ulaya ndiyo inayokaa juu. Unalipa, unapata karatasi yako, unafurahi. Siku ya safari, karani wa kaunta Bujumbura anaingiza uraia wako kwenye Timatic, hazina ya taarifa za viza ambayo makampuni ya ndege hutumia dunia nzima, na kompyuta inasema hapana. Karani hana ubaya na wewe. Kampuni ikimpeleka abiria asiye na karatasi hutozwa faini na kulazimishwa kumrudisha, kwa hiyo hatakubali, na pesa ya tiketi ya aina hiyo kwa kawaida hairudi, kwa kuwa karatasi za safari ni jukumu la abiria. Addis Ababa, Nairobi, Istanbul, Doha na Dubai kwa kawaida hazidai viza kwa anayebaki ndani akisubiri ndege ya pili ya tiketi hiyohiyo. Ndiyo maana kwa Mkongo anayekwenda mbali, tiketi ya Addis iliyo ghali kidogo huwa ndiyo nafuu ya kweli.

Anayekwenda Amerika kwa Ethiopian asishtuke akiona ndege inatua tena njiani, Lomé au mji mwingine. Uwanja wa Addis uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege kubwa haiwezi kuondoka ikiwa na mafuta yote ya kuvukia bahari. Basi inaongeza njiani. Kenya Airways, yenyewe, imekuwa ikienda New York moja kwa moja kutoka Nairobi tangu Oktoba 2018. Anayesafiri na watoto au na mzee asiyejua Kifaransa wala Kiingereza atafute njia yenye kubadili ndege mara chache kabisa, hata kama italala saa nyingi mahali pamoja.

Maneno niliyoyataja hapo juu, "tiketi hiyohiyo", yana uzito kuliko jina la kampuni. Safari ya ndege tatu inaweza kuandikwa kwenye tiketi moja au kwenye tiketi mbili zilizounganishwa na mnunuzi mwenyewe, au na tovuti. Kiwi.com, kwa mfano, ilijijengea jina kwa kuunganisha makampuni yasiyo na mkataba kati yao, na tovuti nyingine nazo huuza mseto wa namna hiyo. Kwenye skrini njia zote mbili zinafanana, mstari mmoja na bei moja. Uwanjani hazifanani. Ukiwa na tiketi moja, mzigo unawekewa karatasi Bujumbura na unaupokea Marekani, na ndege ya kwanza ikichelewa kampuni ina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili, Nairobi unatoka, unapita uhamiaji, unachukua mizigo, unapanga foleni upya, na ukikosa ndege ya pili unahesabiwa umeikosa kwa hiari yako.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa na maelfu ya abiria wakakwama. Aprili 2024 kampuni hiyohiyo ilisimamisha safari zake za Kinshasa baada ya wafanyakazi wake wawili kukamatwa na idara ya ujasusi wa kijeshi, ikarudi Mei. Sitaji haya ili kuichafua. Kila kampuni ina siku zake, na Kenya Airways ni mojawapo ya milango yetu mikuu. Nataja kwa sababu siku kama hizo tiketi moja ndiyo inayokupa haki ya kusimama kaunta na kudai. Na mwenye safari ya Kinshasa, ambako ndiko watu wetu wengi hupeleka maombi ya viza, anahitaji nafasi ya kuahirisha kuliko mtu yeyote. Miadi ya ubalozi ikisogezwa, tiketi isiyobadilika imekwisha.

Kuna kanuni nyingine ambayo watu wa bonde hili wanaijua kwa maumivu. Ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi bila kutoa taarifa, mfumo unafuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi. Tuseme mpaka wa Gatumba umefungwa, nawe umezunguka kwa boti na gari hadi Nairobi ukidhani utaidaka ndege ya pili. Utaambiwa jina lako halimo. Kabla ya kuzunguka, kampuni ipigiwe simu na ikubali kwa maandishi kukuanzishia Nairobi. Na hapo ndipo linapoibuka swali la tovuti: ni nani hasa anayeishika tiketi yako?

Tovuti ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Skyscanner, Kayak na Google Flights ni za kutazamia. Zinakusanya bei na kukupeleka kwa muuzaji, wala mara nyingi hazipokei pesa yako. Expedia, Trip.com, Gotogate na wenzao ni mawakala, wanakuuzia na kubaki katikati. Wakala akiwa katikati, kampuni ya ndege mara nyingi itakwambia urudi kwake kwa mabadiliko na marejesho, naye yuko kwenye namba ya simu ya ng'ambo yenye muziki wa kusubiri, nawe uko Luberizi na salio la dakika chache. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, watu wengi duniani walizungushwa hivyo kwa miezi, wakala akimtaja mwenye ndege, na mwenye ndege akimtaja wakala.

Maoni yangu ni haya: tazama kwenye tovuti za kutazamia, uchukue picha ya njia na tarehe, kisha ununue kwa kampuni yenyewe, kwenye tovuti yake au ofisini kwake Bujumbura. Tofauti ya dola thelathini au hamsini unayolipa zaidi inakununulia mtu wa kusimama mbele yake. Kwa mtu wa Paris, mwenye kadi tatu za benki na intaneti isiyokatika, ushauri huu huenda ukaonekana wa woga. Kwa sisi ambao mpaka unaweza kufungwa kesho asubuhi, nausimamia.

Ajansi ya Uvira au ya Bujumbura nayo ni njia nzuri, mradi ijulikane. Wengine wanaifahamu kazi kuliko tovuti yoyote: wanajua mpaka unafunguliwa lini, wanajua ubalozi unataka nini. Lakini wapo pia wanaochapa karatasi nzuri yenye nembo, ambayo si tiketi. Namna ya kupima ni rahisi. Karatasi ya nafasi iliyowekwa tu ina herufi na tarakimu 6, na nafasi hiyo hufutika yenyewe isipolipiwa. Tiketi ya kweli ina pia namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 082 Brussels Airlines, 459 RwandAir. Tangu Juni 2008 tiketi za karatasi ziliondolewa na zote ni za kielektroniki, kwa hiyo namba hiyo ndiyo mali yako. Ingia kwenye tovuti ya kampuni ukiwa bado umesimama dukani kwa ajansi, andika zile herufi 6 na jina la ukoo, uone safari yako na ile namba ya tarakimu 13 kwa macho yako, ndipo utoe dola. Na dola zenyewe ziwe safi, kwa kuwa noti iliyochanika hata ncha haitapokelewa.

Kwenye karatasi hiyohiyo tafuta alama ya mizigo. Ikiandikwa 2PC ni mifuko miwili, 1PC ni mmoja, na nauli ya chini mno wakati mwingine haina hata mmoja. Kwa anayebeba ndakala, unga na vitenge vya ukoo mzima, mfuko wa pili ukilipiwa uwanjani unaweza kuumeza unafuu wote. Nyama kavu iachwe nyumbani, itatupwa.

Jina ndilo linalotukosesha raha kuliko lolote. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 tulijifunza kuishi na jina la ukoo na jina la pili, kisha jina la ubatizo likarudi, na leo Mkongo ana majina matatu katika fomu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa majina mawili. Binamu aliyeko Louisville, Marekani, ananunua tiketi usiku, anaandika jina analomwitia dada yake tangu utotoni, jina la pili analiacha. Kaunta ya Bujumbura wanalinganisha herufi kwa herufi. Dawa yake iko chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, kwenye mistari miwili yenye herufi kubwa na alama nyingi za mishale. Mstari wa kwanza, baada ya herufi za nchi, unaanza na jina la ukoo, halafu mishale miwili pamoja, halafu majina mengine yakitenganishwa na mshale mmojammoja. Hivyo ndivyo mashine inavyokujua. Piga picha ya mistari hiyo, mtumie binamu, mwambie anakili vilevile: yaliyo kabla ya mishale miwili yaende kwenye nafasi ya jina la ukoo, yaliyo baada yaende kwenye nafasi ya pili, bila kupunguza hata moja.

Huyo binamu tunamtegemea pia kwa malipo, maana tovuti nyingi zinataka kadi ya benki, nasi tuna M-Pesa na Airtel Money. Msaada huo una masharti yake. Baadhi ya makampuni huomba kadi iliyolipia ionyeshwe kaunta, kwa kuogopa wizi, hivyo yeye apige simu mapema na kuuliza. Marejesho yakitokea, pesa inarudi kwenye kadi yake, sio kwako, basi mkubaliane kabla. Na barua pepe iwe yenu nyote wawili, kwa sababu taarifa ya kuhamishwa kwa saa ya ndege hupelekwa kwenye anwani ile moja tu, na tofauti ya saa kati ya Louisville na Bujumbura inatosha mtu mmoja kulala wakati mwenzake anaachwa.

Juu ya usalama niseme kwa ufupi. Makampuni yote yaliyosajiliwa Kongo yamo kwenye orodha ya Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huko, karibu yote tangu mwaka 2006, na Air Tanzania iliingizwa Desemba 2024. Orodha hiyo inapima zaidi mamlaka ya usimamizi ya nchi kuliko rubani mmojammoja, lakini haipaswi kupuuzwa na watu waliozika ndugu zao baada ya ndege ya Hewa Bora, kampuni ya Kongo, kuanguka sokoni Goma mnamo Aprili 2008. Ukiwa na njia mbili za kufika Kinshasa, uzani huo uuweke mezani pamoja na bei.

Haki zako baada ya kupanda zinategemea kampuni na uelekeo. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda anayeondoka kiwanja cha Ulaya kwa ndege yoyote, na anayekwenda Ulaya kwa kampuni ya Ulaya. Hivyo Brussels Airlines ikikuchelewesha kwa saa nyingi kutoka Bujumbura hadi Brussels kwa kosa lake, fidia inaweza kufika euro 600. Ethiopian katika njia kama hiyo haiguswi na kanuni hiyo. Mzigo una Mkataba wa Montreal wa 1999: ulioharibika, unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, na uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu kuupokea. Fomu ijazwe kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, na nakala ibaki kwako.

Wakimbizi wanaohamishwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hawachagui kampuni, hupangiwa. Wale waliokwenda Marekani kwa njia hiyo walipewa nauli kama mkopo usio na riba, ambao familia huanza kuulipa miezi michache baada ya kufika. Wengi wa watu wetu walioko huko, ambao leo wanawanunulia wazazi tiketi, walianza maisha mapya na deni hilo. Ndiyo sababu naona ni dhuluma tiketi kupotea kwa jina lililokosewa au kwa viza ya uwanja ambayo muuzaji hakuitaja.

Makampuni yanayotegemea abiria wa bonde hili yangeweza kuondoa nusu ya tabu hizi kwa mambo madogo. Yaweke wakala wao Uvira mwenye uwezo wa kubadili tiketi, yapokee M-Pesa, na fomu zao ziulize uraia wa abiria kabla ya kumwonyesha bei ya kupitia Brussels. Mpaka wa Gatumba ukifungwa, abiria wa upande wetu aruhusiwe kusogeza siku bila faini, kama wanavyofanyiwa abiria wa miji mingine theluji ikifunga uwanja. Chama cha wasafirishaji, shirika la raia la Uvira na wabunge wetu wanaweza kulipeleka ombi hilo kwenye ofisi za Bujumbura kwa barua moja.